Santuri Nilizompigia kwa Simu Mtu wa Hadado

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne, mjane. Naishi Garissa mjini katika nyumba niliyoachiwa na marehemu mume wangu, na chumba cha mbele nimekifanya duka la sukari, majani ya chai, sabuni na vitu vidogo vidogo. Jina langu nalificha. Niiteni Safia. Nasimulia haya kwa sababu najua wako wengine kama mimi, ambao jioni nyumba hunyamaza mpaka wanasikia friji ikinguruma.

Nianze na santuri, maana ndizo zilizonifikisha huko.

Kaka yangu Yusuf alisoma Nairobi miaka ya sabini. Alikuja likizo na suruali iliyopanuka chini, nywele tele kichwani, na gramafoni ya betri inayofungwa kama sanduku. Alikuja pia na santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande, za vijana wa Kizungu wenye magitaa ya umeme. Rock, ndivyo alivyouita muziki ule. Mama yetu alisema ni kelele za watu waliobanwa na mlango. Mimi nilikuwa msichana wa shule. Nilikaa kizingitini nikisikiliza mpaka nikaijua kila santuri kwa mkwaruzo wake, kabla wimbo haujaanza. Kiingereza chao sikukielewa vizuri. Lakini gitaa likilia, nani anahitaji mkalimani?

Yusuf alifariki angali kijana. Sanduku lake likabaki kwangu. Nilipoolewa nilikwenda nalo, na mume wangu hakuzipenda nyimbo zile wala hakuzikataza. Alizizoea kama mtu anavyozoea paka wa mke wake. Kisukari kilimlaza muda mrefu, kikamchukua. Binti yetu Fardosa alikuwa ameshaolewa, yuko mtaa wa pili, na kazi yake ni ya ofisini. Nikabaki na duka, na gramafoni chumba cha nyuma.

Siku moja ya mnada wa mifugo aliingia dukani mtu mrefu, ndevu zimetiwa hina, bakora mkononi. Alitaka majani ya chai. Nyuma kule santuri ilikuwa inazunguka. Nilimpimia, nikamnyoshea mfuko, naye hakuupokea. Alisimama tu, kichwa amekiinamisha upande.

Akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha huku, "Mama, hiyo santuri, ubande wa bili bado iko nayo?"

Upande wa pili! Tangu Yusuf afe hakuna mtu aliyeniuliza habari za upande wa pili. Watu huujua wimbo mkubwa. Ule wa nyuma, wa polepole, hujulikana na mwenye kuupenda muziki tu. Nilikwenda nikaigeuza. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, na alipomaliza tukaendelea kuzungumza kwa Kisomali kama watu waliopotezana zamani.

Jina lake Bishar. Alitoka Hadado, upande wa Wajir. Ujanani alifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Nairobi iliyokuwa na ile mashine ya kutia sarafu ili ikupigie santuri, akajifunza nyimbo zote kupitia ukutani. Baadaye alinunua zake, lakini nyumba yake iliungua na santuri zikayeyuka. Nilimuuliza kuhusu familia. "Watoto ni wakubwa," alisema. "Mama yao alitangulia." Akatazama chini. Nikasema Allah amrehemu.

Tulipeana namba.

Ikawa kila Jumapili baada ya Asr simu inalia. Naiegemeza kwenye gramafoni, naweka sindano, na mtu wa Hadado anasikiliza. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, na hata angekuwa na kubwa, mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Alisema vilevile kwamba nyimbo za kwenye simu zimeoshwa mno, yeye anataka ule mkwaruzo. Aliutambua wimbo kabla haujaanza, kama mimi. Nilicheka peke yangu chumbani kama msichana.

Katikati ya nyimbo tulizungumza. Au niseme, nilizungumza mimi. Kuna mambo mtu huyasema kwa sababu tu hakuna uso mbele yake... Nilimwambia kwamba kitanda cha marehemu sijakitoa. Nilimwambia kwamba mwaka ule wa mwisho, nilipokuwa namgeuza na kumwosha bila kulala, niliwahi kumwomba Mungu amchukue ili nami nipumzike, na alipochukuliwa kweli sikujua nimshtakie nani. Fardosa mwenyewe sijawahi kumwambia hilo. Bishar akasema, "Pole, Safia. Weka ule wa polepole."

Siku nyingine alipiga katikati ya wiki, yuko kisimani, nasikia injini ya maji na ngamia wakilalamika. "Sisi ni wazee," aliniambia. "Mmoja akae na gramafoni, mwingine akae na simu, hiyo si hasara? Nikija mnada ujao nitawaona watu wako."

Nilijipaka hina mikono yote miwili. Nilinunua shuka mpya. Kile kitanda cha marehemu nikakigawa.

Nilipomweleza Fardosa, hakupiga kelele. Alikunja mikono akafikiri. "Hooyo," aliniita, ndivyo watoto wetu wanavyomwita mama, "mimi sikukatazi. Lakini umeuliza watu wa Hadado? Mtu ana ukoo, ana majirani. Acha tutume mtu aulize."

Nilikasirika. Kwa nini? Nadhani niliogopa jibu. Nilimwambia anataka nizeekee hapa ili arithi nyumba. Alichukua mkoba wake. "Haya, Hooyo," akasema. Hakuja tena. Wanawake wenzangu waliokuwa wakinialika chai Jumapili nao waliacha kunialika, kwa sababu kila mara nilisema nina kazi. Sikuona tatizo. Nilikuwa na sauti moja, na ilinitosha.

Kisha sauti ikakatika. Jumapili ilipita bila simu. Nyingine ikapita. Nikipiga, naambiwa mteja hapatikani. Siku ya mnada ikafika, nikakaa dukani nimevaa nguo nzuri, nikiangalia kila mwenye bakora. Hakuja. Nikasema lazima anaumwa, amelala peke yake hana wa kumpa maji. Nikafunga duka, nikaizungushia gramafoni blanketi, nikachagua santuri alizozipenda, na alfajiri nikapanda basi la Wajir. Wajir nikapata landikruza ya abiria mpaka Hadado. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Pale Hadado nilimtaja Bishar, nikaonyeshwa nyumba ya mabati yenye ua wa miiba.

Nilipoukaribia ule ua nilisikia mtu anaimba kwa pua, bila maneno. Nilisimama. Ulikuwa ule wimbo wa upande wa pili, hata kile kipande cha gitaa cha katikati. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, mama wa umri wangu, mwembamba, uso mchangamfu. Nilitoa salamu, nikasema nimetoka Garissa. Alilitazama blanketi. Alinitazama mimi. Akaiweka sufuria chini na kufuta mikono kwenye dera lake.

"Dada," akasema, "wewe ndiye Safia?"

Kabla sijajibu alikuwa amenikumbatia. "Karibu nyumbani. Simu ya Bishar ilitumbukia kisimani, ndiyo maana tumekosa nyimbo. Jumapili zimekuwa ndefu, wallahi."

Nilimuuliza yeye ni nani. Nadhani nilishajua, lakini nilitaka nisikie.

"Mimi Dahabo. Mama wa watoto wake."

Aliniketisha mkekani, akaniletea chai ya maziwa ya ngamia. Akanieleza kwa furaha jinsi walivyokuwa wakifanya. Simu iliwekwa spika, ikasimamishwa juu ya sufuria iliyofunikwa ili sauti iwe kubwa, naye akakaa pamoja na wake za wanawe, wakati mwingine hata majirani. "Mwanzo nilimwambia hizi ni kelele," alisema akicheka. "Sasa ule wa polepole nikiukosa nasikia vibaya. Bishar alituambia wewe unajua tupo, ila una haya, ndiyo maana hutusalimu."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiangalia kikombe.

Ndipo aliponishika mkono na kushusha sauti, wake za wanawe wasisikie. "Na yale ya marehemu mume wako, dada, usiyabebe. Mimi nilimuuguza mama yangu mpaka mwisho. Niliomba vilevile ulivyoomba. Mungu anaijua roho iliyochoka."

Ndugu wasomaji, hayo ndiyo maneno ya huruma kuliko yote niliyowahi kuambiwa. Nami niliyasikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Wangapi walikuwa wamekaa pale siku ile? Nani aliinama? Nani alitabasamu? Siri ambayo sikumpa binti yangu niliimwaga uani kwa watu wasiojulikana, kati ya wimbo na wimbo.

Lakini habari ya ndoa Dahabo hakuijua. Simu ile ya kisimani haikupita kwenye spika. Ningeweza kumwambia, na neno lilishafika mdomoni. Kwetu mume kuoa mke wa pili si jambo geni, na pengine angelipokea. Kusikia kwamba mumewe amemzika kwa mdomo, hilo je? Alikuwa ananikung'uta vumbi la safari kwenye mtandio, kama dada mkubwa. Nikalimeza.

Bishar alirudi jioni na ngamia wake. Aliniona kutoka langoni. Bakora ikaanguka, akaiokota, akaja polepole.

"Karibu, mgeni," akasema.

Mgeni... Nilijibu salamu yake.

Dahabo hakusubiri hata ale. Alitaka kuiona gramafoni, mashine ya miujiza aliyoisikia tu. Basi tuliingia ndani, nikapiga magoti mkekani, nikaifungua, nikaweka santuri na sindano. Mkwaruzo ulipoanza, Dahabo alipiga makofi na kuutaja wimbo. Wake za wanawe walijibana mbavu kwa kicheko. Jirani mmoja alikuja na kigoda chake. Kila mtu alifurahi. Bishar alikaa mlangoni akiangalia nje, hakuomba wimbo wowote. Katika maisha yangu yote, hata ile siku waliyotoka na jeneza la mume wangu, sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa katika chumba kile kilichojaa watu.

Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye gari, amebeba lile sanduku. Tulitembea mpaka nyumba zikabaki nyuma.

Nilimuuliza, "Kwa nini uliniambia amekufa?"

"Siku ile dukani nilitaka wimbo tu," akasema. "Niliogopa ukijua nina mke hutanipa namba. Halafu ukaniamini, nikashindwa kurudi nyuma, hata mnadani nikaogopa kuja."

"Na spika?"

Alilihamishia sanduku mkono wa pili. "Dahabo aliuliza naongea na nani kila Jumapili. Nikaona nikimsikilizisha, haitakuwa siri."

"Kwangu ilikuwa nini, Bishar?"

Aliomba nimsamehe. Nilichukua sanduku langu mikononi mwake, nikapanda gari. Sikulia mpaka tulipopita Wajir, na nikalia kimya kwa sababu kando yangu alikaa mama mwenye mtoto amelala.

Nyumbani nilikuta mlango una vumbi. Sikuwa na wa kumwambia. Nilikaa siku nyingi na aibu yangu, nafungua duka, nafunga duka. Mwishowe nilivaa viatu nikaenda kwa Fardosa, nikamwambia kila kitu mlangoni kwake, hata lile la baba yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema, "Si nilikuambia?" Aliniingiza ndani akanipakulia chakula. Siku hizi anakuja, lakini kuna kitu kati yetu ambacho hakijarudi kilivyokuwa, na yale niliyosema juu ya nyumba sote tunayazunguka kama shimo. Juzi aliniomba nimpigie santuri moja. Nikamwambia gramafoni imeharibika. Haijaharibika.

Bishar hajapiga tena. Anayepiga ni Dahabo, amepata simu yake mwenyewe. Sipokei. Alinitumia ujumbe kupitia kwa mtu: "Dada Safia, tumekukosea nini?" Sijamjibu, kwa sababu nikimjibu kweli nitamvunjia nyumba, na nikimdanganya nitakuwa kama mumewe. Ajabu ni kwamba katika wote wawili, ninayemkumbuka ni yeye.

Wenzangu wajane, na ninyi mnaoishi na ukimya, sisemi msipende. Upweke ni mzigo na hakuna anayeuchagua. Nasema msimpe mtu kifua chote kwa sababu anapenda mlichokipenda. Kuujua wimbo wako si kukujua wewe. Kamwone kwake kabla hujamwambia ya ndani. Ujue analala wapi, anakula na nani, majirani wanamwitaje. Na mwanao akisema, "Mama, acha tuulize," usimfokee. Kaa naye, mtafuteni wa kutumwa, naye akirudi na habari chungu, ichukue mapema ingali ndogo. Yangu niliifuata mwenyewe mpaka Hadado, na mpaka leo naibeba.