Mzee wa Upande wa Kushoto

Subhash alichomoa plagi ukutani, lakini spika ikaendelea kunguruma.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa nzito, ya chini, kama fahali anayeota, na iliendelea hata Ombui alipoliweka gitaa lake sakafuni na kujitenga nalo. Ilikuwa alasiri ya mwaka 1974, katika stoo ya nyuma ya duka la vitambaa la mzee Haresh, baba yake Subhash, mjini Kisii. Bonareri, mwimbaji wao, aliinua pua akauliza ni nani aliyeleta ngozi mbichi humo ndani.

Hapakuwa na ngozi. Palikuwa na majora ya vitambaa tu, na vijana watatu waliochoka.

Walikuwa na sababu ya kuchoka. Wao walipiga roki, na Kisii nzima ilitaka rumba na benga. Kule kijijini Birongo walitupiwa maganda ya ndizi. Wakatoliki walisema ni kelele, Wasabato wakasema ni kelele za shetani, na mama yake Ombui, ambaye hakumhusisha shetani, alisema ni kelele tu na magugu yanaimeza chai shambani. Ombui alikuwa ametunga nyimbo zake kwa Kigusii, nyimbo za radi na za hasira, wala hakuna mtu aliyewahi kuusikiliza hata mmoja mpaka mwisho. Jambo hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alipopiga gitaa alilipiga kama mtu anayebisha mlango anaojua hautafunguliwa.

Siku iliyofuata mngurumo ule uliingia ndani ya wimbo. Subhash alikuwa kwenye ngoma zake, Bonareri anaimba, na chini yao kitu kikaanza kutembea nao hatua kwa hatua, kikisimama waliposimama.

"Hiyo ni obokano," Bonareri alisema taratibu. Alimaanisha kile kinubi kikubwa cha wazee, kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, kinachopigwa mtu akiwa ameketi kwenye kigoda. "Babu yangu alikuwa nayo. Lakini hapa anapiga nani?"

Ilimpasa Ombui aogope, na nywele za shingoni zilikuwa zimesimama kweli, ila alichokisikia moyoni ni furaha, kwa kuwa wimbo wake ulikuwa umepata miguu. Alikwenda dukani, akarudi na kigoda, akakiweka upande wake wa kushoto, pale sauti ilikotokea. Subhash akataka kujua ni cha nani. Ombui akamwambia ni cha anayewasaidia, na tangu hapo mngurumo haukukosa hata siku moja, wala ile harufu ya ngozi.

Jumapili walipiga katika ukumbi wa mji. Walibeba na kigoda. Watu walikaa kama kawaida yao, mikono kifuani, wakingoja kuchoka. Mara obokano ikaanza, na watu wale wale wakainuka. Akina mama walipiga vigelegele, na wazee wakatikisa mabega huku machozi yakiwatoka. Ombui aliimba kiitikio kwa nguvu zake zote, akatazama ukumbini kwa fahari, ndipo akaona kwamba hakuna hata jicho moja lililomwelekea yeye. Wote walitazama kigoda.

Wimbo ulipoisha, mzee mmoja alipanda jukwaani, akampita Ombui kama nguzo, akanyoosha mkono juu ya kigoda na kuutikisa hewani kwa heshima, kama anayesalimiana na mtu. Kisha akageuka, akauliza, "Kijana, mlimtoa wapi mpigaji huyu? Watu kama hawa walikwisha zamani."

Usiku huo Bonareri alianza kukohoa. Kesho yake sauti yake ilikuwa ikikwaruza, baadaye ikawa mnong'ono, na mwishowe ikapotea kabisa. Alipofungua kinywa kuomba maji, kilichotoka ni ule mngurumo wa chini, na mwenyewe akakifunika kinywa kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

Subhash alisema basi, waache. Ombui alikataa. Walikuwa wamealikwa Gesima, kwenye uwanja wa shule, na kwa mara ya kwanza ni watu waliokuwa wamewaita wao. Alisema Bonareri apumzike, ataimba yeye. Walizozana mpaka Subhash akaondoka bila kuaga, na aliporudi asubuhi alikuwa na Bonareri na mama mmoja mfupi mwenye shali, Persis Nyaboke, mganga ambaye waumini walimwendea kwa mlango wa nyuma.

Persis alinusa hewa ya stoo, akakizunguka kigoda, akauliza nani alimpa mgeni kiti. Subhash akamtazama Ombui.

"Basi wewe ndiye utakayemtoa," Persis alimwambia. "Kitoe nje, juani. Umwambie aende."

Ombui alikishika kigoda kwa mkono mmoja na hakikusogea. Akakishika kwa miwili, akakikokota sakafuni huku kikikwaruza saruji kwa uzito wa mtu mzima aliyeketi na asiyetaka kusumbuliwa, na harufu ya ngozi ikazidi mpaka ikamjaa mdomoni, na kando ya sikio lake la kushoto akasikia pumzi, pumzi ya mtu mzee, yenye subira, mpaka wakafika uani kwenye mwanga, na hapo akasimama. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Hakulisema. Aliwaza ukumbi ule uliosimama wote. Aliwaza maganda ya ndizi. Bonareri alikuwa ameegemea ukuta, akimtazama, na Ombui akayakwepa macho yake kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Sokoro," alisema hatimaye, kwa heshima ya mjukuu kwa babu, "inuka uende."

Kigoda kikawa chepesi mkononi mwake. Bonareri alikohoa, akameza mate, akajaribu koo lake.

"Ulikawia," alimwambia. Akafunga leso yake kichwani, akaenda zake, na hakuimba nao tena.

Gesima walikwenda wawili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, na uwanja ulijaa. Watu waliuliza mzee yuko wapi. Ombui akapiga gitaa, Subhash akapiga ngoma, na Ombui akaimba ubeti wa kwanza. Kabla haujaisha, walioko nyuma walikuwa wameanza kutoka langoni, na katikati yao Ombui aliona mgongo wa mzee aliyejitanda ngozi begani, akiondoka pamoja nao, bila haraka, bila kugeuka.

Kisha obokano ikaanza kule barabarani. Waliobaki wakakimbilia huko, wakicheza hata kabla ya kufika, na uwanja ukabaki na nyasi.

Subhash aliendelea kupiga, akingoja ubeti wa pili. Alizungusha mdundo tena, akangoja. Alipoinua macho, Ombui alikuwa mbele ya maikrofoni, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemvimba, na hakuna kilichotoka.

Ubeti wa pili ulikuwa unaimbwa barabarani, nyuma ya ukungu, pamoja na obokano. Watu waliusikiliza wote mpaka mwisho. Sauti ilikuwa ya Ombui.