Nani Mlalahoi?

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia saluni kwa mama yake. Alifagia nywele zilizoanguka sakafuni, akaosha vitana, kisha akaketi pembeni kufanya kazi za shule huku masikio yake yakiwa kwa wateja. Jina hilo la Chiriku alibandikwa na mama mwenyewe, maana tangu ajue kusema hakuwahi kumaliza swali moja kabla ya kuanza la pili.

Siku moja redio ya saluni ilikuwa ikirusha hotuba. Mheshimiwa fulani alisema kwa sauti nzito kwamba moyo wake uko pamoja na walalahoi, na watu wakapiga makofi mpaka redio ikakoroma. Chiriku alilipenda neno hilo papo hapo. Alipouliza maana yake, mama, mikono ikiwa kichwani mwa mteja, alimjibu kwa mkato kuwa mlalahoi ni mtu anayefanya kazi mchana kutwa na usiku akalala hoi kwa uchovu.

Kesho yake mwalimu aliwataka wanafunzi wamweleze mtu mmoja anayefanya kazi mtaani kwao. Chiriku hakufikiri mara mbili. Alimchagua mama wa rafiki yake Kidoti, aliyekaa naye dawati moja. Mama huyo alikuwa dobi, na tangu alfajiri alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Chiriku alisimama mbele ya darasa, akakohoa kidogo kama mheshimiwa, akasema, "Mama yake Kidoti ni mlalahoi."

Alisubiri makofi. Badala yake darasa zima liliangua kicheko. Kidoti aliinamisha kichwa, na kengele ilipolia akachukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma. Mwalimu aliwakemea waliocheka, kisha akamwambia Chiriku akalichunguze kwanza neno alilolitumia, ndipo arudi kuzungumza tena.

Chiriku alikuwa na mshangao zaidi kuliko aibu. Neno lile lile, kule makofi, huku kicheko! Ilikuwaje?

Jioni alianza kuuliza. Mwenye duka alisema mlalahoi ni mtu anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo kabisa. Fundi cherehani, ambaye hununua mafuta hivyo hivyo, alikataa katakata. Kwake yeye, walalahoi ni wale wasio na ufundi wowote. Mbeba mizigo naye alisema ana mabega yake na hamtegemei mtu, kwa hiyo walalahoi watafutwe kwingine. Kila mmoja alimsukumia mwenzake neno hilo kama sufuria ya moto isiyo na mshikio.

Aliporudi saluni, alimsimulia mama. Karani mmoja aliyekuwa akisukwa alisikiliza, akatabasamu, akasema kwa upole kabisa, "Siku hizi hata watoto wa walalahoi wana akili."

Vidole vya mama vilisimama katikati ya msuko. Kisha vikaendelea kusuka. Chiriku aliitazama miguu ya mama iliyovimba kwa kusimama kutwa. Ni kweli mama hulala hoi. Mbona basi neno hilo lilimchoma hivyo?

Hakumuuliza mtu. Alivuka barabara hadi uani kwa dobi, akamkuta akikamua shuka zito. Alimwamkia, akashika upande wa pili wa shuka, wakalisokota pamoja mpaka maji yakaisha.

"Umekuja kuomba radhi au kuuliza?" dobi akamwuliza.

"Vyote viwili, mama."

Dobi alicheka. Alimwambia kuwa yeye mwenyewe hujiita mlalahoi akiwa na wenzake, wanapotaniana juu ya uchovu wao. Mheshimiwa naye hulitumia akitaka kupendwa na wengi.

"Wewe ulitaka kunisifu, najua," akasema. "Lakini wenzako walisikia umaskini tu. Mimi hawakuniona."

"Sasa niseme nini?"

"Sema unachokiona."

Kidoti alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Chiriku alimtazama, akamwomba msamaha bila kuzungusha maneno. Kidoti akasogea karibu, akasema, "Na useme anajua kuondoa doa la wino."

Asubuhi Chiriku alisimama tena darasani. Alisema mama yake Kidoti ni dobi, anaondoa hata doa la wino, na anapoanika mashuka huimba kwa sauti inayofukuza paka. Darasa likacheka tena, ila safari hii Kidoti ndiye aliyecheka zaidi ya wote.

Mwalimu aliwaambia kuwa maneno kama walalahoi, makabwela na vigogo husaidia tunapozungumzia watu wengi kwa pamoja. "Lakini kabla ya kumvika mtu mmoja neno hilo," akasema, "jiulizeni kama yeye mwenyewe angelichagua, na kama mkishalisema bado tunamwona."

Jioni hiyo, walipokuwa wakifunga saluni, Chiriku alimwuliza mama angependa aelezwe kwa neno gani. Mama alizungusha ufunguo, akafikiri.

"Sema msusi," akajibu. "Ukipenda kuongeza, ongeza hodari."