Macho ya Merikebu

Brashi ilikuwa imelowa.

Mjane aliigusa kwenye ncha, akaiacha, akaigusa tena. Ilikuwa nyembamba kuliko brashi zote za marehemu mumewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyeikausha jana na kuisimamisha kwenye kikombe. Chumba cha kazi kilifungwa. Ufunguo alilala nao. Akajiambia kwamba msiba humsahaulisha mtu hata jina lake, sembuse brashi. Akasema bismillahi, akavuta kiti.

Mumewe alikuwa fundi wa merikebu ndogo, urefu wa kiganja, za mchezo wa vita vya baharini unaochezwa mezani kwa kete. Wateja walimletea za plastiki, zote sura moja kama vifaranga, naye akaipa kila moja sura yake. Za Kichina alizitengenezea matanga ya mbavu za mianzi, za Kikorea akazipandikizia paa la miiba, kisha akazipaka rangi juu ya rangi mpaka plastiki ikafanana na mbao iliyokunywa chumvi miaka mingi. Mauti yalimkuta kundi moja likiwa bado mezani.

Mwenye kundi hilo alikuwa mzee waliyempachika jina la Nahodha, kwa kuwa hajapata kupanda hata mtumbwi. Alipokuja kutoa pole alisema, "Shemeji, sikuharakishi. Ila wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia taa. Mkono wake unaujua. Nimalizie wewe. Na lile aliloninyima yeye, nisaidie. Ziwekee macho."

Merikebu za kweli za Uchina huchorwa macho ubavuni mwa omo, pale mbele panapokata maji, ili zione njia. Marehemu alikubali kila ombi la wateja isipokuwa hilo. "Kisicho na roho usikifungulie dirisha," alikuwa akisema. "Hujui nani anatafuta nyumba." Nahodha akimtania, "Ndiyo maana nashindwa kila siku, Fundi. Mabaharia wangu wanapigana vipofu."

Mjane alizimaliza, na kwa kumridhisha mzee wa watu, ile kubwa aliichora macho. Tone jeupe, na ndani yake tone jeusi. Yakapendeza. Alitabasamu, na tangu maziko hakuwa ametabasamu.

Hiyo ilikuwa jana. Leo brashi imelowa, na merikebu ya pili, ambayo hakuigusa, nayo ilikuwa na macho.

Aliinyanyua, akaisogeza dirishani. Tone jeusi lilikuwa limeegemea kushoto kidogo, kama yalivyoegemea matone yote ya mumewe, maana alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alipaswa kuogopa, na aliogopa, lakini chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine, nacho kilikuwa furaha. Akairudisha mahali pake, akafunga mlango, asimwambie mtu.

Siku zilizofuata macho yaliongezeka. Chumba kikaanza kunuka, kwanza vanishi, kisha jasho alilolijua, na chini ya jasho hilo harufu ya magugu yaliyooza majini, ingawa nyumba ile haikuwa karibu na maji yoyote. Adhuhuri moja, akiwa anaosha vyombo, alisikia brashi ikisuuzwa kule ndani, ikigonga ukingo wa gilasi taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Mama mtoto," sauti ikasema nyuma ya mlango. "Njoo unishikie taa."

Aliingia. Kiti kilikuwa kitupu. Mapazia, ambayo alikuwa ameyafungua asubuhi, yalikuwa yamefungwa.

"Usinitazame," sauti ilinong'ona. "Fumba macho. Nyanyua taa."

Akafumba, akanyanyua, akasimama hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, akisikiliza unywele wa brashi ukipita juu ya kitu, na machozi yakimtoka, kwa sababu aliyemzika alikuwa amerudi kazini. Akaenda na kesho yake, na siku nyingine, kila adhuhuri, wakati binti yao mmoja, waliyemwita Kitinda, yuko shuleni.

Merikebu zote zilipopata macho, brashi ikakosa kazi.

Siku hiyo Kitinda alirudi mapema kutoka shuleni akilalamika kichwa, akajilaza kwenye kochi. Mama yake alikuwa bado chumbani, ameshika taa, na safari hii hakusikia gilasi wala brashi. Kilichomtoa ni huo ukimya. Alifika mlango wa sebule na taa yake mkononi, akamwona mtoto amelala chali, mikono kifuani, anamtazama.

Hakuwa anamtazama. Macho ya mtoto yalikuwa yamefumbwa, na juu ya kila kope palichorwa jicho, jeupe, laini, bado bichi, na mboni yake imeegemea kushoto.

"Mama," Kitinda akasema kwa sauti ya mtu aliye usingizini, bila kufumbua, "mbona umesimama na taa mchana? Na huyo nyuma yako ni nani?"

Mjane hakugeuka. Alimpigia simu wifi yake.

Wifi, dada wa marehemu, alikuwa mwanamke wa dua, anayeitwa kwa wagonjwa, na ulimi wake haukujua kubembeleza. Alifika, akamsikiliza mpaka mwisho, akatazama kope za mtoto ambaye hakuwa akiamka, akavua viatu.

"Kaka yangu nimemjua kabla yako," alisema chini chini. "Alikuwa mkaidi, alikuwa na kisirani akiwa na njaa, lakini mjinga hakuwa. Fundi gani anataka taa ashikiwe na mtu aliyefumba macho?"

"Mkono ni wake, wifi."

"Mkono hata tumbili anaiga. Wewe ulifungua, wewe utafunga. Unayo hiyo dawa ya kutoa rangi?"

"Tina ipo."

"Chukua na kitambaa. Mimi nasoma, wewe futa. Litakalosema, usilijibu."

Wakaingia. Wifi akaanza kusoma, mjane akalowesha kitambaa akafuta jicho la kwanza, na mahali fulani mezani kitu kikavuta pumzi kama mtu aliyechomwa. Akafuta la pili na la tatu, na sauti ikaanza, sauti ya mumewe ya asubuhi, ile ya kabla ya chai, ikimwita mama mtoto, ikimwuliza amekosa nini, ikimkumbusha baridi ya kule alikolazwa na giza lake, na kadiri macho yalivyopungua ndivyo sauti ilivyoshuka na kunenepa na kunuka magugu, mpaka ikabaki merikebu moja tu, ile kubwa aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe, na sauti ikasema, kwa upole uliomkata maini, "Niachie hii tu, nisiwe peke yangu, nawe usiwe peke yako," na mjane, ambaye hakuna alichokitaka duniani kuliko hicho, alimfikiria mtoto aliyelala sebuleni akiona yasiyoonwa, akauma midomo, akafuta.

Kukawa kimya. Mapazia yakanyanyuka kidogo, yakatulia. Kilichonuka ni tina tu.

Kope za mtoto walizifuta kwa mafuta laini, taratibu, na rangi ikatoka yote. Kitinda akafumbua macho yake mwenyewe, akaangaza huku na huku, akasema ana njaa.

"Alhamdulillah," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza akakaa. "Mwenye njaa hana jini. Sasa nawe njoo, umechoka. Kaa hapa chini, fumba macho, nikusomee."

Mjane akakaa, akafumba macho.

Wifi alianza kusoma, kisha akanyamaza katikati ya neno.

Na katika giza la macho yake yaliyofumbwa, mjane alimwona wifi yake waziwazi, kitambaa mkononi, akimkodolea macho kwenye kope, akirudi nyuma hatua kwa hatua, huku akimvuta Kitinda kwa mkono.