Yuko Njiani

Mtu wa kwanza kuleta salamu za Micah alikuwa Wasike, gadi wa treni ya mizigo. Jumatatu asubuhi alimkuta Mzee Hezekiah Kosgei katika karakana ya reli, Nakuru, akifuta grisi mikononi.

"Mzee, nimempita kijana wako pale Naivasha," alisema Wasike. "Anatembea kando ya reli, koti begani. Nikamwambia panda, akakataa. Anasema anakuja kuchukua kikombe chake. Siku hizi ni mtu mkubwa, hata treni yetu haitaki."

Wasike alicheka akaenda zake. Hezekiah alibaki amesimama. Micah alikuwa na siku nne kaburini, kule Longonot. Hezekiah mwenyewe ndiye aliyemzika.

Hakumwambia mtu. Alijua jambo hilo limetoka wapi, na ndiyo maana lilimwogopesha.

Mwaka huo wa 1958 redio ilikuwa imewaalika vijana wa kiume ambao hawajawahi kurekodi santuri wapeleke nyimbo zao, na wasikilizaji wamchague kwa kadi wanayempenda kuliko wote. Micah, mpagazi wa stesheni ya Longonot, aliimba wimbo mmoja kwa gitaa la kuazima. Hapa Nakuru kadi zilitiwa katika sanduku dukani kwa Shabir, muuza redio na santuri, na sanduku lile lilijaa mara tatu. Kisha nimonia ikamchukua Micah kwa siku nne. Chemutai, mkewe, aliyekuwa akikaa hapa kwa Hezekiah, alikuwa na mimba ya miezi minane, hakuweza kusafiri. Hezekiah alikwenda kuzika peke yake siku ya Alhamisi, akarudi Ijumaa usiku. Jumamosi ikawa siku ya kumkabidhi mshindi kikombe.

Alikwenda ukumbini kuwaarifu kwamba mwanawe amefariki. Hiyo ndiyo nia aliyotoka nayo nyumbani. Lakini alipofika, msemaji alikuwa ameshaanza kuita. "Micah Kosgei." Watu walipiga makofi. "Micah Kosgei, uko wapi?" Wengine walipanda juu ya viti wamtafute. Hezekiah, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini, alisikia jina la mtoto wake likipendwa na watu mia tano, akaona kwamba neno moja tu kutoka kwake litalizima. Jina lilipoitwa mara ya tatu alisimama.

"Yuko njiani," alisema.

Wakampa kikombe amwekee. Na Jumapili, alipotakiwa kutangaza msiba kanisani, hakujua aanzie wapi.

Jumatano alikuja Adero, mama muuza samaki. "Nimemwona mwimbaji wetu Gilgil," alisema mlangoni. "Lakini baba, mbona kijana mchafu hivyo? Mvua imetunyeshea sote, yeye hakulowa. Ana vumbi tu, mpaka kwenye kope."

Chemutai alikuwa nyuma ya pazia. Adero alipoondoka, alitoa shati la Micah sandukuni akaanza kulipiga pasi.

"Chemutai, weka hilo shati."

"Mimi sikumwona akizikwa, baba."

"Mimi nilimwona."

"Na ukasema yuko njiani."

Tangu siku hiyo nyumba ilinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na kuku walikataa kuingia uani, wakalala barabarani.

Alhamisi alikichukua kikombe, akakipeleka dukani kwa Shabir akitaka kukirudisha. Shabir alikitazama bila kukigusa. Alifunga mlango wa duka, akasema kwa sauti ya chini:

"Nimesikia watu wakisema wanamwona. Niambie kweli, mzee wangu. Yuko hai?"

"Nilimzika."

"Sisi Waislamu tunaambiwa jini huzurura akitafuta jina lililoachwa bila mtu. Wewe umempa jina, na ukampa njia. Sasa anakuja kwako kama mtu aliyeitwa."

"Nimeomba mpaka magoti yameota sugu."

"Omba, usiache. Lakini mdomo uliomfungulia ndio utakaomfungia. Akipiga hodi, mtu yeyote asimwambie karibu. Na yule binti zaidi. Mwenye mimba akimkaribisha, huyo hakai sebuleni. Ataingia mahali ambapo hamtamtoa."

"Nimwambie nini?"

"Ule ukweli uliokwenda nao ukumbini."

Ijumaa saa kumi jioni mvua ilikatika. Upepo wa ziwani, wenye harufu ya magadi, ukatulia ghafla, watoto wa majirani wakaacha kucheza bila kuitwa na mtu, na katika ukimya ule Hezekiah akasikia hatua zikija kutoka upande wa reli, hatua za mtu aliyechoka, zikapita nyumba ya kwanza, zikapita ya pili, zikaingia uani kwake ambako matope yalifika kifundoni na bado zilikuwa zikilia kama za mtu anayekanyaga changarawe kavu, mpaka zikasimama mlangoni.

"Hodi, baba."

Ilikuwa sauti yenyewe, pamoja na kule kukwama kwake kidogo kabla ya neno "baba". Chemutai aliinuka. Hezekiah alimkamata mkono.

"Chemu," ilisema sauti. "Miguu inaniuma. Hata hunikaribishi?"

Chini ya mlango vumbi lilianza kuingia, jembamba, jekundu, likimwagika kama unga kutoka gunia lililotoboka.

"Ni yeye," alinong'ona Chemutai. "Niachie, baba, ni yeye."

"Baba, wewe ndiye uliyesema niko njiani. Nimetembea."

Hezekiah aliuziba mdomo wa mkwewe kwa kiganja, akahisi machozi yake ya moto yakimpita vidoleni. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeungama.

"Mwanangu Micah amekufa. Nilimzika Alhamisi ya wiki jana. Nililosema ukumbini lilikuwa uongo, Mungu anisamehe. Sina mtoto njiani. Wewe sikujui. Kwa jina la Yesu, toka uani kwangu."

Vumbi lilikoma. Baada ya muda mrefu hatua ziliondoka, polepole, kuelekea reli.

Chemutai hakulia tena. Alikesha amekaa, akiutazama mlango.

Jumamosi asubuhi Hezekiah alikwenda kazini. Ilikuwa saa nne Wasike alipoingia karakana, taa yake ya ugadi bado mkononi.

"Mzee, mmekosana nini na kijana? Nimempita Mbaruk alfajiri, saa kumi na mbili, anarudi upande wa Gilgil, analia kama mtoto mdogo. Anasema baba amemkana."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilimwambia hizo ni hasira tu, baba yako ni mtu wa Mungu. Nikamwambia rudi, mwanamume, mzee akiwa kazini ukaongee na mke wako kwanza. Akanishukuru sana. Akageuka."

Hezekiah alitazama saa ya ukutani. Kutoka Mbaruk hadi kwake, kwenye nyumba za reli, kwa mtu anayejua njia, ni mwendo wa saa nne.

Mafundi waliinua vichwa, wakamwona mzee wa miaka sitini akikimbia.