Nne Kati ya Kumi

Duka la baiskeli za umeme lilikuwa limejaa pomoni nesi mmoja alipojipenyeza hadi kaunta, sare nyeupe, raba za buluu, miguu imevimba kwa kusimama zamu nzima. Muuzaji akampa fomu ambayo kila mteja hujaza: wewe ni mcheshi au mkimya, mthubutu au mwoga, na kati ya kumi, umeridhika na maisha kwa kiasi gani?

"Kaka, nanunua baiskeli au naposwa?"

Watu wakaangua kicheko. Nesi akaijaza hata hivyo, na muuzaji akaitia kabatini bila kuisoma. Jioni akampigia simu kuuliza kama betri inakaa na chaji. Kesho yake akapiga tena. Betri gani hiyo ya kuulizwa kila siku? Mapenzi yalikuwa yamemshika pabaya, na nesi naye hakuchelewa kupokea.

Miezi sita baadaye nesi alileta baiskeli kwa matengenezo, akajaza fomu nyingine. Safari hii muuzaji aliisoma. Nne. Nne kati ya kumi, na yeye alikuwa akijiona ndiye raha ya maisha ya mtu! Moyo ukamuuma. Kuuliza si ujinga, lakini bwana mkubwa akachagua kununa.

"Kipenzi, nimekukosea nini?" nesi aliuliza kwenye simu.

"Niko na wateja."

"Tangu juzi una wateja tu?"

Akakata. Siku ya tatu nesi aliingia dukani na gauni la njano, hacheki na mtu. Akautupa ufunguo wa baiskeli juu ya kaunta.

"Narudisha. Na aliyeniuzia namrudisha pia, kama hana mdomo."

Muuzaji akauweka ufunguo kando. Akamsogezea fomu. "Nne?"

Nesi aliitazama, kisha akamtazama yeye. "Hiki ndicho ulichoninunia? Ile ya kwanza uliisoma?"

Muuzaji akapekua kabati. Akaipata. Moja.

"Nilikuwa naamka, nafanya kazi, nalala. Basi," nesi alisema. "Mtu katoka moja hadi nne, wewe unamnunia!"

"Na sita zilizobaki?"

"Zitakujaje, na kila jioni unanifikisha mlangoni kwangu, unageuza?"

Wateja wakasogea karibu wasikie. Muuzaji akaurudisha ufunguo kiganjani mwa nesi, lakini mkono hakuuachia.

"Siku ile uliniuliza kama unanunua baiskeli au unaposwa."

"Na hukunijibu."

"Baiskeli ulishanunua."