Upande Mmoja wa Mdomo

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulichosema sasa hivi. Nitazame usoni, kisha urudie."

Mwanaume akaweka kikombe mezani, akacheka. Alishazoea vituko vya mchumba wake.

"Nakupenda," akasema.

Moyo wa mchumba huyo ukamlipuka paa. Neno lile lilipotamkwa, kona ya kulia ya mdomo wa mwanaume ilipanda, na kona ya kushoto ikabaki pale pale, haina habari. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu. Mwanamke mwingine angemalizia chai yake na maisha yakaendelea, lakini huyu hakuwa mwanamke mwingine.

Kazini walimwita Eksirei. Kampuni ya bima ilikuwa imemweka kwenye chumba kidogo chenye meza na viti viwili, azungumze na watu wanaodai fidia. Hakuwa na mashine wala waya, alikuwa na macho yake tu. Mfanyabiashara angekuja analia machozi ya kweli kabisa kwamba ghala lake limeteketea. Eksirei angemwuliza kwa upole, "Pole sana, baba. Moto ulianzia wapi?" Basi katikati ya kilio kile furaha ingechungulia usoni mwa yule bwana na kutoweka, upesi kama panya anavyovuka sebule. Eksirei ameshaiona. Wenzake waliokuwa wakitazama nyuma ya kioo walibaki midomo wazi kila mara, wakiulizana ameonea wapi. Hata bosi wake siku hizi aliongea naye huku ameinamia makaratasi, maana nani anataka kusomwa?

Na asubuhi ya siku ile ile alikuwa amewafundisha wafanyakazi wapya.

"Hasira huchukua uso mzima," aliwaambia. "Hofu uso mzima. Huzuni, furaha, vivyo hivyo. Dharau peke yake ndiyo hukaa upande mmoja. Ukiona mdomo umepanda kona moja, ujue mtu huyo anakucheka moyoni."

Harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza mwanaume. Huyu wote walimwita Fundi, hata mama yake mzazi, kwa kuwa alitengeneza lifti za majengo marefu na hakuwa na habari nyingine ya kuongea.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini. Si unajua?"

Nyusi zilipanda zikasogeleana, macho yakatanuka. Hofu. Eksirei akahesabu moyoni. Dharau, uwongo, halafu hofu, tena kwa mpangilio huo huo aliokuwa akiufundisha. Angekuwa mteja, asingetoka na hata senti.

"Sawa," akasema, akamwaga chai yake kwenye sinki.

Kesho yake alimpigia simu. Haikupokelewa. Baadaye ukaingia ujumbe: "Huku kazini kuna kelele mpenzi, tuandikiane tu."

Akaandika: "Njoo jioni, nina hamu na wewe."

"Leo nimechoka sana. Kesho."

Kesho yake pia kesho. Siku ya tatu Fundi alifika kweli, lakini hakushuka kwenye pikipiki. Alisimama getini, helmeti kichwani na kioo chake cheusi kimeshushwa hadi kidevuni, akamnyooshea mfuko wenye viatu vya harusi alivyotumwa kuchukua.

"Shuka basi unywe hata maji."

"Nina haraka." Sauti ilitoka humo ndani kama mtu anayeongea kwenye ndoo.

"Vua helmeti nikuone."

"Nina haraka, nimekuambia."

Akawasha pikipiki, huyoo. Eksirei alibaki amekumbatia viatu. Miaka yote alizoea kuzungumza na mtu huku akiuona uso wake, na sasa alijiona kama aliyezimiwa taa nyumbani kwa watu. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akaandika: "Harusi hakuna. Nimekusoma Fundi, unanicheka. Usinitafute."

Jibu lilichelewa. Lilipofika lilikuwa fupi: "Sawa. Labda ndiyo vizuri."

Hapo ndipo alipolia. Alitaka mwanaume abishe, aape, apige magoti, adanganye hata. Badala yake amepewa "sawa"!

Shangazi yake, aliyemlea, alimkuta anakunja gauni la harusi alirudishe kwa mshonaji.

"Umemfumania?"

"Hapana, Shangazi."

"Umeona ujumbe wa mwanamke kwenye simu yake?"

"Hapana. Nimeuona uso wake."

"Uso!" Shangazi akaketi, akavua viatu ili agombe vizuri. "Mume wangu mimi, tangu siku ya kwanza ana uso wa mtu aliyelamba limau. Kama ningeusikiliza uso wake wale watoto watano ningewapata wapi?"

"Shangazi, mimi ndiyo kazi yangu hii. Sikosei."

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza, na uso wake ukasema—"

"Sikukuuliza kama umeuuliza uso. Nimeuliza kama umemwuliza yeye. Vaa viatu, mwanangu. Gauni hili haliondoki humu ndani mpaka urudi."

Fundi alikuwa kwenye jengo la ofisi katikati ya mji, lenye lifti mbovu na wapangaji wenye hasira. Eksirei alipanda ngazi zote hadi juu kabisa, kwenye chumba cha mashine, akihema kama amekimbizwa. Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amepiga goti kando ya mota kubwa, amempa upande wa kulia. Uso ulikuwa ule ule alioupenda, nyusi zimekunjwa kwa kazi, ulimi umebanwa kati ya meno. Moyo ukamlainika bila ruhusa yake.

"Fundi."

Mwanaume akashtuka, spana ikaanguka. Hakugeuka.

"Nenda nyumbani," akasema. Neno lile la pili lilimtoka limelegea, midomo haikukutana vizuri.

"Siendi. Uniambie kwa mdomo wako. Ni mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Basi nini? Uliponiambia unanipenda ulikuwa unanicheka. Nimeona!"

"Nikucheke mimi?"

"Mdomo wako ulipanda upande mmoja!"

 Mabega ya Fundi yakaanza kutikisika, na Eksirei hakujua kama ni kicheko au kilio, kwa sababu hakuwa akiuona uso. Alipogeuka, ndipo dada wa watu aliposhika fremu ya mlango.

Upande wa kulia ulikuwa Fundi, na upande wa kushoto hakukuwa na mtu. Paji la uso upande ule lilikuwa laini, halina kunyanzi hata moja. Nyusi imeteremka. Kona ya mdomo imening'inia. Jicho lilikuwa wazi, halipepesi, na lilikuwa likimwaga machozi hadi kwenye kola ya shati.

"Ulipanda upande mmoja," alisema Fundi polepole, akijitahidi na kila neno, "kwa sababu upande wa pili ulikuwa umeanza kufa."

"Mungu wangu. Ni kiharusi?"

"Hapana. Siku ile mchana sikuwa kazini, nilikuwa kwa daktari, sikio lilikuwa linaniuma. Anasema mshipa wa fahamu unaoendesha uso umevimba. Wengi hupona. Wengine hubaki hivi hivi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Jicho lake zima likamkazia. "Wewe usiku unaniambia uso wangu ndiyo gazeti lako. Wewe unaishi kwa nyuso. Nikuletee nusu?"

 Hofu aliyoiona Eksirei mezani ilikuwa hofu kweli, na uwongo ulikuwa uwongo kweli. Alivisoma vyote barabara, herufi kwa herufi, na alikuwa hajaelewa kitu. Uso ulimwambia mtu huyu anaogopa. Haukumwambia kwamba anaogopa kumpoteza yeye.

Alisogea mpaka wakakaribiana pumzi. Alimtazama huyu mtu kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Nusu moja ilikuwa inaomba, inaona haya, inampenda, vyote kwa pamoja, kila msuli unahangaika kufanya kazi ya wawili. Nusu nyingine ilikuwa kimya kama ukuta. Na nyuma ya zote mbili alikuwamo mtu mmoja tu, mzima. Alijiuliza ni watu wangapi amewahi kukaa nao mezani akiangalia mlango na kudhani ameona nyumba.

Machozi ya lile jicho la kushoto yalikuwa bado yanatiririka. Alinyoosha mkono, akasita. Hakujua ni nini. Yeye, Eksirei, hakujua! Ikabidi aulize kama watu wengine wote wanavyouliza.

"Unalia, au ni ugonjwa?"

Fundi akagusa shavu la kushoto. "Jicho hili ni ugonjwa," akasema. Akagusa la kulia. "Hili ni mimi."

Eksirei akayafuta yote mawili kwa kiganja chake.

"Nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe. Lakini kuoa siwezi. Tungoje nipone."

"Na usipopona?"

"Basi utakuwa umeponea wewe."

"Usinifanyie hivyo."

"Unanionea huruma," alisema Fundi. "Wewe unasoma watu. Mimi nani anisomee wewe?"

"Hakuna. Uniulize, nikujibu."

"Unanionea huruma?"

"Ndiyo, tena sana. Pia nina hasira na wewe, natamani nikupige na hiyo spana. Umenificha ukaniacha nilie peke yangu, ukaniandikia 'sawa'! Nakupenda. Na naogopa. Vyote hivyo viko humu ndani, na sijui usoni kwangu kimeonekana kipi."

 Fundi akaketi kwenye sanduku la vifaa vyake, akajishika kichwa, na safari hii hakujificha.

"Nakuamini," akasema.

Simu ya Eksirei ikaita. Alikuwa Shangazi.

"Haya, alikuwa anasema kweli?"

"Alinidanganya, Shangazi."

"Nilijua! Basi nimpigie mshonaji."

"Usithubutu. Harusi ipo."

"Eeh! Amekudanganya na harusi ipo?"

"Nitakueleza nyumbani."

"Haya, wewe ndiye msomi," alisema Shangazi, akakata simu.

Jumamosi ilifika, uso haujarudi. Eksirei alikuwa amemwambia Fundi avae miwani nyeusi akitaka, hakuna atakayemuuliza. Aliivaa. Ukumbi ulijaa ndugu, mafundi wenzake wenye suti zilizowabana, na wafanyakazi wa bima ambao, kwa tabia ya kazi, walikuwa wanawakodolea maharusi macho bila aibu. Minong'ono ilipita kwenye viti vya nyuma. Mbona bwana harusi haongei? Mbona amegeukia ukutani?

Mfungishaji ndoa akamwuliza kama amekubali kumwoa dada huyu.

 Fundi aliinua mkono akavua miwani, akaiweka mezani. Mahali fulani mtu akavuta pumzi kwa sauti. Mama yake akajifunika mdomo. Fundi hakuwatazama. Akamgeukia bibi harusi, lakini hakumpa upande wa kulia ule unaoongea. Akamwelekezea wa kushoto.

"Nataka unisikie kutokea huku," akamwambia taratibu.

"Nakusikia."

"Nimekubali. Nakupenda."

Upande ule haukusogea. Hakuna msuli uliotikisika, nyusi haikupanda, mdomo haukujibu kitu. Eksirei aliutazama kwa makini, kama alivyoyatazama maelfu ya nyuso maishani mwake, na haukumwambia lolote. Akaamini kila neno.