Mke wa Vilmos Hajafa

Kila mwaka, Sikukuu ya Watakatifu Wote ilipofika, Etelka alikwenda makaburini na mumewe, Vilmos. Walifagia majani makavu. Waliwasha mishumaa kwenye kaburi la mke wa kwanza wa Vilmos. Jiwe la kaburi lilikuwa na jina moja tu: Kelemen Vilmosné, yaani mke wa Kelemen Vilmos. Hilo lilikuwa jina la Etelka pia. Mwanamke akiolewa huko Győr, nchini Hungaria, alichukua jina la mume lote zima, likaongezwa -né mwishoni.

Wenzake katika kiwanda cha vitambaa walimtania. "Sisi tutangoja tufe, shoga. Wewe jiwe lako liko tayari!"

Etelka alicheka nao na kuendelea kufuma. Kilichomkosesha raha ni nyumba. Yeye, Vilmos na binti zao wawili walibanana katika chumba kimoja chenye unyevu, na mtoto mdogo alikohoa kutwa. Kiwanda kilikuwa kimejenga maghorofa mapya, na zamu yao ilikuwa imefika.

Alipokwenda kuuliza siku ya kupewa ufunguo, karani aliinamisha kichwa.

"Mama, samahani. Kompyuta inasema umefariki."

"Nani? Mimi ninayekusemesha?"

"Mimi ninakuona, mama. Kompyuta haikuoni. Nyumba atapewa mwingine."

Etelka alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Kwenye ngazi yeye na Vilmos walikutana na jirani yao, Mzee Zádor. Huyu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kuunda kompyuta. Ile ya kwanza ilijaza chumba kizima, ikatoa joto kiasi kwamba wakati wa baridi wakubwa walikuja kuota moto, wakamwuliza kwa nini hatengenezi majiko. Hakukata tamaa. Sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha wataalamu wa kompyuta, na alizunguka mji hadi mji kwa treni akifundisha.

Vilmos alimvaa palepale. "Mzee, mashine zenu zimemuua mke wangu!"

"Mashine haijui kuua, Vilmos. Inajua yale iliyoambiwa tu. Mkeo wa kwanza, marehemu, naye alifanya kazi kiwandani?"

"Ndiyo, hadi alipofariki."

"Basi waliipa jina peke yake. Ikaona jina moja, ikadhani ni mtu mmoja." Akamgeukia Etelka. "Binti yangu, ukienda hospitali wanakuuliza nini?"

"Jina langu. Siku niliyozaliwa. Na jina la mama yangu."

"Enhe! Anaitwa nani?"

"Bakó Julianna."

"Na mama wa marehemu?"

"Dudás Teréz," akajibu Vilmos taratibu.

"Umeona? Mume mmoja, jina moja, lakini mama wawili. Hilo hata mashine italielewa."

Kesho yake Mzee Zádor aliongozana na Etelka hadi kwa meneja wa kiwanda.

"Siwezi kusimamisha kazi kwa ajili ya mwanamke mmoja," meneja alisema.

"Leo ni mmoja. Wanaume waliofiwa na wake zao wakaoa tena humu kiwandani ni wangapi?"

Meneja akahesabu kwa vidole. Kisha akakubali. Wasichana wa chumba cha kompyuta walitoboa upya kadi zilizosomwa na kompyuta, safari hii zikiwa na tarehe ya kuzaliwa na jina la mama la kila mfanyakazi. Kompyuta ikawaona akina Kelemen Vilmosné wawili: mmoja marehemu, mmoja hai. Etelka alipewa ufunguo, akaubusu mbele ya watu bila aibu.

Lakini Mzee Zádor hakuridhika. "Viwanda vingine je?" alisema. "Chama ni cha nini, kama kila mmoja anakosea peke yake?" Akamwalika Etelka kwenye mkutano mkuu. Wataalamu wengine waliguna. "Mfumaji wa vitambaa atatufundisha nini?"

Etelka alipanda jukwaani. "Waheshimiwa," alisema, "mimi ndiye marehemu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Alipoeleza habari ya mtoto anayekohoa, kicheko kilikoma. Kabla ya kutoka, wanachama walipiga kura: mtu asitambuliwe tena na kompyuta zao kwa jina pekee.

Katika nyumba mpya mtoto aliacha kukohoa. Sikukuu ya Watakatifu Wote ikafika tena. Usiku wa kuamkia siku hiyo Etelka alimwambia mumewe, "Vilmos, mimi nimepata nafasi yangu. Marehemu bado hana hata jina lake. Kwao aliitwa nani?"

"Sipos Rozália," alisema Vilmos. Alikuwa hajalitamka jina hilo kwa miaka mingi.

Wakampelekea fundi wa mawe ili alichonge. Majira ya kuchipua jina hilo lilikuwa limechongwa chini ya lile la zamani. Etelka alipiga magoti, akawasha mshumaa.

"Habari yako, Rozália," alisema. "Mimi ni Etelka."